HP Z420: Tazama Tarehe Kabla ya Kununua Prosesa

Anayetaka kuipa nguvu kompyuta ya mezani iliyotumika huanza kwa kuhesabu viini vya prosesa. Kwa HP Z420, mashine ya kazi nzito iliyoingia sokoni mwaka 2012, kuna jambo linalotangulia hesabu hiyo, nalo limeandikwa ndani ya bayosi.

Iwashe, bonyeza F10, fungua ukurasa wa taarifa za mfumo, utafute mstari wa Boot Block Date. Ukikuta mwaka 2011, bodi hiyo inapokea Xeon E5 za toleo la kwanza tu. Ukikuta 2013, inapokea pia zile za v2, zilizotoka Septemba mwaka huohuo. Kinachowaponza watu ni kwamba soketi ni ileile, LGA 2011: prosesa ya v2 itakaa vizuri kabisa kwenye bodi ya zamani, ila mashine haitawaka. Kusasisha bayosi hakuponyi, kwa kuwa Boot Block, yaani kipande cha mwanzo cha bayosi, hakiguswi na sasisho la kawaida. Muuzaji akikataa kukuonyesha ukurasa huo, usilipe.

Tuchukue mashine yenye tarehe ya 2013 na prosesa ya E5-1620 ya toleo la kwanza: viini 4, gigahezi 3.6, ikipanda hadi 3.8 mzigo ukiwa mdogo. Xeon za v2 zimeshuka bei kwa sababu vituo vya data vinapobadilisha seva huzitoa kwa wingi, na nyingi zingali nzima.

Kishawishi kikubwa ni E5-2690 v2 yenye viini 10. Lakini mwendo wake wa msingi ni gigahezi 3.0, na kilele chake 3.6, chini ya kilele cha ile unayoitoa. Anayechora ramani za nyumba kwenye programu inayotegemea zaidi kiini kimoja atatoa fedha na asione tofauti ya maana. Anayetengeneza picha za 3D au kubana video ndiye atakayefaidi.

Zidisha viini kwa mwendo wa msingi, upate kipimo cha harakaharaka. E5-1620 inatoa 14.4. E5-1650 v2, yenye viini 6 vya 3.5, inatoa 21. E5-2667 v2, viini 8 vya 3.3, inafika 26.4, na ile ya viini 10 inafika 30. Kwa maoni yangu E5-2667 v2 ndiyo chaguo bora kwa mwenye kazi mchanganyiko: iko nyuma kidogo tu ya ile ya viini 10 kwenye kazi za pamoja, na kilele chake ni 4.0. Bajeti ikibana, 1650 v2 inatosha. Zote hizi ni za wati 130 kama ile ya zamani, kwa hiyo kipoza joto kilekile kinaendelea na kazi. E5-2687W v2 iachwe. Hiyo ni ya wati 150.

Kazi yenyewe si ndefu. Sasisha bayosi ukiwa bado na prosesa ya zamani. Iache mashine ifanye kazi kidogo ipate joto, ili pesti iliyokauka ilegee, kisha izime na kuchomoa waya wa umeme. Legeza skrubu za kipoza joto kwa kupishana pembe. Pini ziko ndani ya soketi, si kwenye prosesa, na moja ikipinda bodi inaweza kuwa imekwisha. Inua prosesa wima, usiikokote. Futa pesti yote, weka mpya kiasi cha punje ya dengu.

Kisha kagua memori. Prosesa hizi zina njia nne za kuifikia, na mashine nyingi za mtumba huja na vijiti viwili tu. Viini 8 vikigombea njia mbili, sehemu ya fedha uliyotoa imelala. Vijiti vinne vinavyofanana, kila kimoja kwenye njia yake, vinaweza kukufaa kuliko viini viwili vya ziada.

Kuna programu ambazo mabadiliko haya hayazisaidii. Xeon za v2 hazina maagizo ya AVX2, na programu inayoyadai haitafunguka hata ukiweka viini 10. Windows 11 nayo haizitambui rasmi, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Kwa anayetumia Linux, Blender na mafaili mazito ya video, mashine hii bado ina kazi ya kufanya.