Usisifu Draiva Kabla Hujaona Inavyongoja

Juzi, katika ukumbi wa hoteli moja Diani, draiva ya flashi ilimwagiwa sifa mbele yangu. Ni ya kifaa cha kuhesabu mipigo ya mkono wa pampu ya maji, kinachohifadhi rekodi kwenye chipu ya W25Q128 mtandao unapopotea. Waamuzi wa kazi za vijana wakasema msimbo ni msafi, kwa kuwa majina ni marefu, maoni yamejaa na mistari imenyooka. Niliuomba nikausoma. Ni mbovu.

Kaunti ya Kwale, ilipo Diani, si mahali pa kubahatisha kazi hii. Pampu ya Afridev ilijaribiwa visimani huku pwani ya kusini miaka ya 1980, na ni huku huku watafiti wa Oxford walikofunga vifaa vya kutuma data kwenye pampu za mkono, ili fundi ajue ipi imekufa. Rekodi zikipotea, pampu nzima huonekana imekufa, na fundi hufunga safari ya bure hadi Lunga Lunga.

Yale mepesi kwanza. Ujongezo uwe tabo ya nafasi nane. Nne ni uvivu. Kitendaji kisichoenea kwenye kioo kimoja kikatwe. Amri kama 0x06 na 0x20 zipewe majina. Goto ya kusafisha njia ya kutokea ni halali, na anayeikataza hajawahi kuachilia kufuli kwenye njia tano za makosa. Andiko likivuka mpaka wa ukurasa wa baiti 256 hurudi mwanzo wa ukurasa uleule na kuharibu yaliyopo; siku hizi hata wanagenzi wanalijua hili.

Wasichokiona ni kungoja. Sekta ya baiti 4,096 ya chipu hiyo kwa kawaida hufutika kwa milisekunde 45, lakini datashiti inairuhusu ifike 400. Mwanagenzi huandika kitanzi hivi: iulize chipu kama ina kazi, kama bado inayo, tazama saa, muda ukiwa umepita, rudisha kosa. Kinasomeka vizuri na majaribio kinayapita. Lakini draiva ikishauliza na kujibiwa "bado", kazi nyingine inaweza kuinyang'anya prosesa kabla haijatazama saa, tuseme modemu inatuma ujumbe. Inaporudi, muda umekwisha. Inatangaza kosa, ilhali chipu ilishamaliza zamani. Stadi hugeuza mpangilio. Hutazama saa kwanza, akaweka alama kwamba muda umekwisha, kisha akaiuliza chipu mara ya mwisho, na jibu hilo ndilo linalohukumu. Kitanzi cha kungojea chipu za SPI NOR kwenye kerneli ya Linux kimeandikwa hivyo hasa. Ni mistari miwili tu iliyobadilishana nafasi. Mimi hufungua hapo kabla ya kwingine kokote.

Msambweni kulikuwa na fundi ambaye hakukubali draiva mpaka achomoe betri katikati ya kufuta, airudishe, asome upya, tena na tena. Draiva yake iliandika data kwanza na alama ya uhalali mwisho kabisa, baiti moja iliyoshushwa kutoka 0xFF. Umeme ukikatika katikati, rekodi isiyo na alama inarukwa, na zile za nyuma zinabaki salama. Nimeona na walaghai. Mmoja alileta majaribio yaliyopita yote, kumbe "chipu" yake ni safu ya RAM isiyowahi kuwa na kazi. Kitanzi chake cha kungoja hakikuzunguka hata mara moja. Wengine hufuta kitanzi wakaweka usingizi wa milisekunde 50. Mezani Ukunda inakubali. Chipu ikichakaa, kufuta kunachukua muda zaidi, na amri ya kuandika inayofuata inapuuzwa bila ya kosa lolote kurudi. Draiva iliyosifiwa Diani ilikuwa na usingizi huo.

Zamani tulichapisha datashiti, tukaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na hukugusa kibodi kabla hujaifikisha ukurasa wa mwisho. Kazi ya siku zile ilikuwa bora.

Waamuzi wenzangu, kabla ya kumpa kijana cheti, mwambieni awaonyeshe mahali draiva yake inapongoja, na aeleze kwa nini chipu huulizwa baada ya saa kutazamwa. Asipoweza, mrudishieni kazi yake akaisome datashiti.