Kuwajibika na Kuwajibisha: Kauli ya Mpinzani katika Bunge la Kenya

Kiswahili cha Bunge la Kenya kimekwisha kuhakikiwa mara nyingi, lakini karibu kila mara kimesahihishwa kama daftari la mwanafunzi: hapa upatanisho wa kisarufi umekosewa, pale neno la Kiingereza limechomekwa. Uhakiki wa namna hiyo una haki yake. Hata hivyo umeacha bila kuguswa swali zito zaidi, nalo ni iwapo Kiswahili, hata kinaposemwa kwa ufasaha wote, humsaidia mpinzani kuibana serikali au huifungulia serikali mlango wa nyuma. Yafaa swali hilo litazamwe kwa kufuata njia nyembamba ya mnyambuliko wa kitenzi.

Neno lenyewe linalotajwa kila siku ni uwajibikaji, kutoka wajibu. Kitenzi kuwajibika hutosheka na kiima chake. Waziri anawajibika, na sentensi imekamilika. Nchini Tanzania kitenzi hicho kimepata hata maana ya kujiuzulu, na mfano unaotajwa sana ni wa Ali Hassan Mwinyi aliyeacha uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Hiyo ilikuwa hatua ya mtu aliyejipima mwenyewe. Kuwajibisha ni jambo lingine. Kitenzi hiki hudai yambwa, na pamoja na yambwa hudai mtendaji wa pili aliye tayari kumkabili mwenziwe. Kazi ya seneta wa upinzani ni ya kitenzi hiki cha pili. Lakini kauli isikikayo zaidi ni "serikali iwajibike", yaani dua iliyovishwa nguo za hoja.

Jozi hiyo ya -ika na -isha inaonekana wazi zaidi katika kitenzi thibiti. Kanuni za Kudumu za Seneti, kama zile za Bunge la Taifa, humfanya mjumbe kuwa mdhamini wa ukweli wa mambo anayoyadai, na aweza kuagizwa ayathibitishe papo hapo, la sivyo ayaondoe maneno yake. Mzigo wa -isha humwangukia mpinzani.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote katika historia ya Bunge hilo ni wa Oktoba 1975. Wakati huo hapakuwa na Seneti. Ile ya kwanza, yenye maseneta 41, ilikuwa imekoma baada ya sheria ya mwaka 1966 iliyoiunganisha na Baraza la Wawakilishi. Wala hapakuwa na chama cha upinzani. Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet, aliyekuwa Naibu Spika, walikuwa wote wawili wanachama wa KANU, ingawa wote walikuwa wametokea KADU iliyovunjwa mwaka 1964. Shikuku alidai kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukataka athibitishe. Seroney, akiwa kitini, akaamua kwamba jambo lililo dhahiri halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili wakawekwa kizuizini, na hawakuachiliwa hadi Desemba 1978.

Uamuzi huo umesifiwa sana kwa ushujaa wake, na sifa hiyo ni ya haki. Mhakiki wa lugha hana budi kuongeza jambo moja. Shikuku alisema chama kimeuawa bila kumtaja muuaji, na uamuzi wa Seroney ulilihamisha dai lote kutoka -isha kwenda -ika: jambo limekwisha kuthibitika lenyewe, basi hapana wa kulithibitisha. Kwa hila hiyo njema Shikuku aliokolewa asiondoe maneno yake. Hila hiyo hiyo ilifanya swali la pili, kwamba ni nani aliyeiua KANU, lisiulizwe kabisa mezani pa Bunge. Hapana wa kuwalaumu watu waliolipa kwa miaka mitatu ya uhuru wao. Linalostahili kulaumiwa ni kurithiwa kwa mbinu hiyo na wasemaji wa leo wasiokabiliwa na hatari ile.

Yafaa ikumbukwe kwamba mjadala wa 1975 ulikuja mwaka mmoja tu baada ya Rais Kenyatta kuamuru, Julai 1974, kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili. Miswada ilibaki kwa Kiingereza, na mwaka 1979 lugha zote mbili zikaruhusiwa. Katiba ya 2010, iliyoirudisha Seneti, imeongeza Lugha ya Ishara ya Kenya. Lakini Kanuni za Kudumu zinadai kwamba anayeanza kwa lugha moja aimalize hotuba yake kwa lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo seneta achaguaye Kiswahili husimama na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaifasiri huku saa inakwenda.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Lugha ya wakaguzi ni ya tahadhari. Hupenda kusema kwamba uhalali wa matumizi fulani haukuweza kuthibitishwa. Mfasiri aliye mbioni atasema "haikuthibitika", au, vibaya zaidi, "fedha zimepotea", kana kwamba fedha ni mbuzi aliyekata kamba. Sarufi haikumlazimisha. Kiswahili kinamruhusu vilevile kusema "wizara haikuthibitisha", na mara hiyo kuna mtu wa kuulizwa. Tofauti ni ya silabi moja, na waziri au kiongozi wa upande wa serikali anayejibu anaijua vizuri. Akiambiwa fedha zimepotea atajibu kwamba zitatafutwa.

Methali nazo, ambazo wasikilizaji huzipigia makofi, zina kasoro ya aina hiyo. Spika hawezi kumwagiza mtu athibitishe methali, na kwa sababu hiyo hapana anayelazimika kuijibu. Ufasaha wa pwani unaosifiwa Bungeni mara nyingi ni ufasaha wa kutopatikana na kosa.

Mwaka 2020 ulitoa mfano wa kinyume, ingawa sehemu kubwa ya mjadala wenyewe ilikuwa kwa Kiingereza. Maseneta walishindwa kikao baada ya kikao kukubaliana jinsi ya kuzigawia kaunti shilingi bilioni 316.5. Kaulimbiu iliyovuma upande mmoja ilikuwa "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", sentensi isiyo na kitenzi hata kimoja. Haisemi ni nani atakayepunguziwa, wala ni nani atakayepunguza. Waliopinga waliijibu kwa hesabu: kaunti hii itapoteza kiasi hiki, ile itapata kiasi kile. Hesabu ilirudisha kitenzi na yambwa. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Langat wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, walikamatwa. Langat alikuwa wa Jubilee, chama kilichotawala. Upinzani, kama mwaka 1975, haukufuata mpangilio wa viti. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 17, Seneti ilipitisha mgao ambao haukuipunguzia kaunti yoyote.

Hansadi za mijadala hiyo zipo, na za 1975 zipo pia. Katika idara zetu wanafunzi wamekuwa wakipewa hotuba za aina hiyo ili wapigie mstari makosa. Wangeweza kupewa ukurasa huo huo wahesabu ni mara ngapi vitenzi vya lawama vina mtendaji, na ni mara ngapi mtendaji huyo anatajwa kwa cheo chake.