Vitabu vya Senti Kumi

Wasomaji wetu wengi wanamjua Tintin, lakini wachache wanakumbuka kwamba kijana yule alizaliwa mwaka 1929 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la wakatoliki wa Brussels. Basi vitabu vya picha si wageni katika nyumba ya wakristu. Leo tunapenda kusema juu ya ndugu zao wa Marekani, wasiojulikana sana kwetu: vitabu vyembamba vya vijana, vya mapenzi na vya kuchekesha, vilivyouzwa senti kumi miaka ya 1940 na 1950. Leo watu wazima wanavitafuta na kuvikusanya, wanavilipia feza nyingi, na kuvifungia kabatini kama almasi. Watu hao wanastahili sifa, tena wanastahili lawama. Lakini tuanze na vitabu vyenyewe, kwani ni aibu kuhukumu kitabu tusichokisoma.

Archie alionekana mara ya kwanza katika Pep Comics namba 22, ya Desemba 1941, kwa mkono wa mchoraji Bob Montana. Ni mwanafunzi wa mji wa Riverdale, mwenye nywele nyekundu na madoa usoni, ambaye kila siku yuko katikati ya wabinti wawili: Betty, mwenye moyo mwema, na Veronica, binti wa tajiri. Rafiki yake Jughead hana haja na wabinti. Yeye anataka mkate wenye nyama ndani. Kisa ni kurasa tano au sita: kijana anafanya shauri, shauri linaharibika, mkuu wa shule anaanguka chini, basi. Tumecheka kweli. Uzuri wa visa hivi ni kwamba mwandishi hajidai. Archie hajifunzi kitu, na hakuna anayetuambia kwamba amejifunza. Ujinga wa ujana unaonyeshwa kama ulivyo, pasipo matusi na pasipo mahubiri. Lawama yetu ni moja: katika vitabu vile vya zamani Archie hachagui kamwe, na mchezo wa kumngojesha Betty, mwaka hata mwaka, mwishowe unachosha.

Vitabu vya mapenzi ni shauri lingine. Aliyefungua njia ni Young Romance, iliyotolewa mwaka 1947 na Joe Simon na Jack Kirby. Baada ya miaka michache magazeti ya namna ile yalikuwa zaidi ya mia. Kwa kawaida binti mwenyewe ndiye anayesimulia: nilidanganya, nilimfuata asiyefaa, nililia. Mkristu anatambua umbo hilo mara moja. Ni maungamo. Lakini walioyaandika walikuwa kwa wingi wanaume, na maungamo yao hayana malipizi. Ukurasa wa mwisho kijana mwema anatokea, anasamehe, anabusu, na machozi yamekauka. Msamaha ni rahisi kwa sababu kurasa zimekwisha. Hapo ndipo tunapoona uwongo wao. Busu lenyewe ni jambo dogo. Hata hivyo tusimwonee Kirby: kalamu yake ina nguvu, na mara nyingine uso aliouchora unasema ukweli ambao maneno yanauficha.

Basi watu wa Kanisa hawakukosa walipokuwa na mashaka. Walikosa katika namna ya kutenda. Mwezi wa Desemba 1948, huko Binghamton katika jimbo la New York, wanafunzi wa shule moja ya wakatoliki walikusanya vitabu vya picha vilivyohesabiwa kuwa vibaya, wakavichoma moto hadharani. Miaka sita baadaye, 1954, daktari Fredric Wertham alitoa kitabu cha kuvishtaki, kamati ya Seneti ikasikiliza mashahidi, na mwezi wa Oktoba wachapaji wakajiwekea sheria wenyewe. Sheria ile iliamuru kwamba visa vya mapenzi vitukuze nyumba na utakatifu wa ndoa. Nani kati yetu atakataa? Lakini tukisoma visa vya baada ya hapo, tunakuta kwamba mara nyingi binti hana tena kosa la kuungama. Anakasirika juu ya dansi, analia juu ya barua. Ndoa inasifiwa na watu wasio na majaribu yoyote. Young Romance iliendelea hata 1975.

Tuje sasa kwa watu wanaovikusanya. Mwaka 1950 nyumba ya Fawcett ilitoa Negro Romance, namba tatu tu: visa vya mapenzi vya watu weusi wa Marekani, pasipo dhihaka iliyokuwa desturi ya wachoraji wengi wakati ule. Alvin Hollingsworth, mchoraji mweusi, alichora humo. Visa vyenyewe havipiti vile vya wazungu. Machozi ni yale yale, na msamaha ni rahisi vile vile. Lakini hilo lilikuwa jambo jipya, kwamba binti mweusi aliachiwa alie kwa sababu ya moyo wake, kama mwingine yeyote. Nakala zilizobaki ni chache sana. Wangefuatwa wenye viberiti, sisi tungejuaje kwamba binti huyo alipata kuchorwa? Naye Trina Robbins, mchoraji aliyefariki mwaka 2024, aliandika historia ya vitabu vya wabinti, ambavyo waliosifu mashujaa wenye nguvu walivipita bila kutazama. Pasipo masanduku ya watu waliovitunza, angeandika kwa kutazama nini?

Soko lakini lina desturi zake. Tangu mwaka 2000 kuna kampuni huko Marekani inayopima nakala, inaipa alama mpaka 10, kisha inaifunga ndani ya plastiki ngumu. Anayetaka kusoma lazima avunje kifuniko na kupoteza alama. Mwaka 2011 nakala moja ya Archie Comics namba 1 iliuzwa dola 167,300. Ni bei ya nyumba, kwa kitabu kisichofunguliwa.

Tena kuna Katy Keene, mrembo aliyebuniwa na Bill Woggon mwaka 1945. Woggon aliwaomba watoto wamtumie michoro ya nguo, akaichapa pamoja na majina yao. Kurasa nyingine zilikuwa na mwanasesere wa karatasi na magauni yake, vya kukatwa kwa makasi. Sokoni nakala iliyokatwa inahesabiwa kuwa mbovu. Mtoto yule alitii kitabu chake! Sisi tungechukua nakala yake kwa furaha, pamoja na matundu yake, na kumwachia tajiri ile isiyoguswa.

Wakatoliki wa Marekani walikuwa pia na gazeti lao la picha kwa watoto wa shule, Treasure Chest, tangu 1946 hata 1972. Chuo Kikuu cha Wakatoliki cha Washington kimeweka nakala zake katika intaneti, na yeyote anaweza kuzifungua. Vitabu vingine vinahitaji kazi hiyo hiyo, tena upesi. Karatasi yao ni ya bei ndogo, yenye asidi. Inageuka manjano, kisha kahawia, kisha inavunjika mkononi, na plastiki inachelewesha tu. Mwenye nakala adimu aifungue kwanza mara moja, apige picha kila ukurasa, ndipo aifunge akipenda.