Ndimu Kwanza, Sabuni Baadaye

Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, yupo mama mmoja anayefua nguo za watu. Kila nikishuka kutoka Sumbawanga humkuta na mabeseni yake, mbali na dagaa walioanikwa ili nguo zisishike harufu.

Siku moja alikuwa na shati jeupe la mwanakwaya. Kwapani palikuwa na doa la njano, pamekakamaa kama pamepakwa gundi. Wengi hulaumu jasho tu, lakini mara nyingi mkosaji ni chumvi za alumini zilizomo kwenye deodoranti za kuzuia jasho. Zikikutana na jasho hung'ang'ania nyuzi za pamba, na kila pasi inayopita huzidi kuzigandisha.

Akaligeuza shati, la ndani likawa nje, maana doa huingilia upande wa mwili. Akakamulia ndimu likiwa bado kavu, akasugua kwa kidole gumba, polepole, kutoka ukingoni kuelekea katikati.

"Mama, na brashi?" nikauliza.

"Brashi inakula uzi, mwanangu. Doa inaliacha palepale."

Akaliweka kivulini kama nusu saa, akashika nguo nyingine.

Utaratibu huo una sababu. Maji ya Tanganyika yana ubesi, pH yake hukaribia 9, na yana magnesi nyingi. Sabuni ya mche hukawia kutoa povu na huacha utando. Anayeanza na sabuni hulifunika doa kwa juu tu. Asidi ya ndimu hulegeza kwanza ile chumvi. Lakini ndimu nayo lazima isuuzwe yote kabla ya sabuni, la sivyo huikata. Kwa suuzo la mwisho yeye hutumia maji ya mvua aliyoyakinga kwenye pipa.

Jiki haigusi. Klorini huzidisha unjano wa doa la namna hii, na ikikutana na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu.

Shati lilipotoka majini lilibaki na kivuli chembamba cha njano. Mimi ningelianika. Yeye akachukua ndimu nyingine, akaanza upya. Akarudia hata mara ya tatu. Hapo nilimvulia kofia.

Mwenye shati alipokuja aliambiwa: paka deodoranti kidogo, ikauke ndipo uvae, na shati lisilale na jasho.

Nawe msomaji, kabla ya kuwasha pasi, tazama kwapani.