Mwembe Mchanga wa Dodoma: Tiba Ilianzia Mizizini

Mche wa mwembe wa kubebesha, aina ya Kent, ulipandwa kwenye uwanja wa nyumba moja Dodoma mwezi Aprili, mvua zikielekea kwisha. Kufika Agosti kingo za majani zilikuwa zimeungua, na kila chipukizi lilinyauka kabla halijakomaa. Mwenyewe aliumwagilia lita moja kila jioni bila kukosa, kisha akaongeza urea. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupima, si kutibu. Gome lilikwaruzwa kwa ukucha, na chini yake palikuwa kijani: mche ulikuwa hai. Kisha pakachimbwa pembeni kidogo. Udongo wa juu ulikuwa na unyevu. Kina cha kidole kimoja tu chini yake palikuwa vumbi. Jibu la tatizo lilikuwa hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye kisahani cha udongo kinachozunguka shina, chenye upana wa sentimita 60, lita moja ni sawa na mvua ya milimita tatu na nusu, manyunyu ambayo jua la Dodoma huyamaliza kesho yake. Maji yakiishia juu, mizizi nayo hubaki juu, penye joto kali kuliko kote. Lita 20 kwenye kisahani hichohicho ni sawa na milimita 70, na hizo huzama hadi kwenye kina ambako mwembe unapaswa kupeleka mizizi yake. Kwa hiyo ratiba ilibadilishwa: ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, ikimiminwa polepole asubuhi na mapema.

Maji yakishaingia, lazima yalindwe. Kisahani kilitandazwa nyasi kavu, unene wa sentimita 10, zikiachwa mbali na shina kwa upana wa kiganja ili gome lisioze. Matandazo huvuta mchwa, hivyo yalifunuliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Upande wa magharibi, jua la alasiri linakotokea, palisimamishwa uzio mdogo wa mabua ya mtama, na shina likapakwa chokaa ili lisiungue.

Urea ilisimamishwa kabisa. Katika udongo mkavu, chumvi za mbolea huzuia mizizi kuvuta maji, na mche huungua majani ingawa nia ilikuwa kuulisha. Chakula kilisubiri mvua za Desemba, kikawa samadi iliyooza vizuri.

Mwisho ulikuwa usafi wa mche wenyewe. Machipukizi yaliyoota chini ya kiungo cha kubebeshea yaliondolewa, maana hayo ni ya shina la kienyeji na hunyonya nguvu ya Kent. Utepe wa plastiki uliokuwa ukikaba kiungo ulikatwa, na maua yakapukutishwa. Mti wa umri huo haufai kubebeshwa mzigo wa matunda.

Mche ulipona, na majani mapya yakakomaa. Nionavyo, uponaji huu ulitokana na mpangilio wa hatua: maji ya kina, kisha ulinzi, kisha chakula. Anayeanza na mbolea anageuza mpangilio huo, na mche ndio unaolipa. Kabla hujafungua mfuko wa urea, shika jembe, uchimbe pembeni, uone unyevu umefika wapi.