Sikio la Bi Kizee: Mauti, Jinsi na Ngano ya Usukumani

Mwenye kufasiri mashairi hukumbana na mtihani ambao mtunzi mwenyewe huenda hakuufikiri kamwe. Mjerumani akiyataja mauti, lugha yake imekwishampa neno la kiume. Mfaransa na Mtaliani wamepewa la kike. Kiswahili chetu hakina la kiume wala la kike katika jambo hili. Mauti yana ngeli, hayana jinsi: yanafika, yanachukua, yanapita. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko ni la kiume, lakini lilipovuka bahari liliiacha sifa hiyo forodhani.

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, alimtaja mtoto wa Kirusi aliyesoma hadithi za Kijerumani akashangaa kuyakuta mauti yamechorwa mzee mwanamume. Kwa Kirusi neno hilo ni la kike. Kisa ni kidogo, ila kinatuonyesha namna sarufi inavyoweza kumshika mchoraji mkono bila yeye kujua.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika picha za chapa za Ulaya. Fundi alichonga mchoro katika kibao, kama mafundi wetu wa milango wachongavyo nakshi, akapaka wino na kukandamiza karatasi juu yake. Kibao kimoja kilitoa nakala nyingi, na sura iliyochongwa mara moja ikaingia katika nyumba za wengi. Mjini Paris, Guyot Marchant alitoa mwaka 1485 kitabu cha ngoma ya mauti, ambamo maiti huwashika mkono wanaume wa kila cheo na kwenda nao. Mwaka uliofuata akatoa na ngoma ya wanawake. Katika utenzi wa Petrarca juu ya ushindi wa mauti, mauti ni mwanamke, na wachoraji waliomfuata walimpandisha katika gari linalokokotwa na mafahali. Kwa Wajerumani mambo yaligeuka. Sebald Beham, katika miaka ya 1540, alichonga katika shaba mauti yakimnyemelea mwanamke kijana kama mchumba asiyealikwa. Neno la kiume lilikuwa limezaa posa.

Bora ya michoro hiyo yote, kwa maoni yangu, ni ile ya Hans Holbein, iliyochongwa na Hans Lützelburger na kuchapwa Lyon mwaka 1538. Humo mauti ni mifupa, na mifupa haina ndevu wala ushungi. Mzee analima, jua liko chini nyuma ya kanisa, na mauti yanakimbia kando ya farasi wake yakiwaswaga kama msaidizi mwema. Mkulima wa pamba wa Bariadi, alimaye kwa maksai, asingehitaji mkalimani kuielewa picha hiyo.

Lakini kibao hupokea lolote kinachochongwa. Hans Baldung, aliyerudia mara nyingi kuchora mauti yakimshika msichana, alitoa mwaka 1510 picha ya chapa ya wachawi: wanawake walio uchi, vijana kwa wazee, wamekizunguka chungu kinachofuka. Hapo sarufi haikuwa na kazi. Hofu ilitaka uso, na fundi akaupatia. Katika enzi ile ya mateso, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi, na walio wengi walikuwa wanawake. Siwezi kukitwika kibao kimoja damu yote hiyo. Nasema tu kwamba jicho lililozoezwa kuuona uso fulani huuona hata pasipokuwa na hatia.

Msomaji wa visiwani asije akajipongeza kwamba Kiswahili hakikuyavisha mauti ushungi. Usukumani, na humo umo mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao yake makuu Bariadi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa miongo mingi. Mtoto akifa, au ng'ombe akianguka, hutafutwa bibi mwenye macho mekundu. Macho hayo yamewiva kwa moshi wa kuni, mabua na samadi kavu, ndio moto wa jiko la maskini. Kisukuma ni ndugu wa Kiswahili. Nacho hakigawi maneno kwa kike na kiume. Sarufi haikuwalinda wale kina bibi. Hapakuwa na fundi wala kibao, na uso ukajulikana vivyo hivyo.

Ndiyo sababu naiona ngano ya Wasukuma ya Shing'weng'we inastahili kusomwa tena, na kusomwa polepole. Zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika rundo la makapi. Akazaa mwana, Masala Kulangwa, yaani mwerevu aelewaye upesi. Kijana akaenda kulitafuta zimwi. Analeta panzi, analeta ndege, analeta swala, na kila mara anamwimbia mamaye kuwa ameshinda. Mama anamjibu kuwa bado. Msomaji wa Unguja ataitambua njia hii. Ndiyo ya nunda mla watu, katika hadithi ya Sultani Majnuni ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuitia katika kitabu chake cha mwaka 1870. Katika ngano zote mbili mauti ni kinywa na tumbo, hayana jinsi, na mwanamke ndiye mwenye elimu ya kuyatambua.

Sisi wa pwani tunaishia penye ushindi. Wasukuma wanaendelea. Masala Kulangwa anapolipasua tumbo la zimwi ili watu watoke, kisu chake kinakata sikio la bi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bi kizee anakasirika, anamtukana, anajaribu kumroga. Hapo ngano imefika penye panga. Kijana ana nguvu na ana shukrani za ulimwengu mzima. Mbele yake yuko ajuza mmoja mwenye hasira na uchawi. Masala Kulangwa anatafuta dawa, anamponya. Kisha watu wanamtawaza kuwa mtemi, na mama yake anapandishwa pamoja naye.

Wako waliomsoma kijana huyu kama sura ya mwokozi. Usomaji huo una haki yake, ila hulipita sikio upesi mno. Bi kizee yule alikuwa tumboni mwa zimwi pamoja na wenziwe. Aliyemezwa na mauti hawezi kuwa ndiye mauti. Hasira yake ina sababu, na sababu hiyo imo mkononi mwa shujaa. Ngano haikanushi kuwa alitaka kuroga. Inakataa tu kuwa jibu lake ni kisu kile kile. Atakayeifupisha kwa ajili ya watoto akaikatia penye ushindi, atakuwa amewapa panga na kuwanyima dawa.

Turudi kwa mfasiri. Käthe Kollwitz, Mjerumani mwenye neno la kiume, alitoa picha za chapa za jiwe juu ya mauti kati ya mwaka 1934 na 1937. Katika mojawapo mauti yamebaki mkono tu, unamgusa bega mwanamke mzee mwenye sura yake mwenyewe Kollwitz. Uso pekee tunaouona ni wa anayeitwa. Mtunzi wetu wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alikwishaijua njia iliyo karibu na hiyo: alitufunza kufa kwa kutupitisha katika majumba matupu ya Pate. Kwa hiyo nikilikuta neno la kike katika shairi la Kifaransa, nitaandika mauti, nitayaacha katika ngeli yake, wala sitayaita bibi. Tunao mabibi wa kutosha waliokwishaitwa jina hilo.