Bibi Kajuaje?

Mwalimu akiwaambia watoto wa darasa la tano "nendeni mkatafiti kuhusu wanyama", kesho yake atapokea kurasa zilizonakiliwa: simba ni mfalme wa nyika, tembo ana mkonga. Au atapokea kazi ya mzazi, iliyochapwa usiku kwenye saiba, picha za rangi zikiwa zimebandikwa vizuri mno. Mwalimu ninayemsifu hapa, wa shule moja ya msingi Tanga, hatoi kazi za namna hiyo. Yeye husubiri ubishi uzuke.

Siku niliyokaa nyuma ya darasa lake ulizuka wa mjusi kafiri. Mmoja alisema mkia wake ukikatika huendelea kurukaruka peke yake. Mwingine akasema mjusi huyo ana sumu. Akitumbukia chunguni, mboga yote humwagwa. Mwalimu alijua ukweli wa yote mawili, lakini hakusahihisha neno. Aliyaandika ubaoni, na chini ya kila moja akaongeza: Nani kasema? Kajuaje?

"Bibi kasema, Mwalimu."

"Bibi kajuaje?"

Mtoto akanyamaza. "Basi jioni kamuulize, kwa adabu. Usimwambie kakosea. Muulize kama aliwahi kumwona mtu aliyedhurika, au na yeye alisimuliwa tu."

Hilo la adabu si dogo. Katika nyumba zetu, mtoto anayemuuliza mkubwa "umejuaje?" huonekana jeuri, na utafiti wake unaweza kuishia kwenye kofi. Mwalimu huyu huwafanyisha mazoezi ya kuuliza, wawili wawili, mmoja akiwa bibi.

Kisha huja kazi ya kulipunguza swali, na hapo hana haraka kabisa. "Mjusi" si swali. "Mjusi anaishije?" bado ni pana. "Mkia ukikatika, huota mwingine?" Hilo linajibika, na kabati la vitabu lina kitabu kimoja cha biolojia. Mvulana mmoja alianza kukipekua tangu ukurasa wa kwanza. Mwalimu alimwacha achoke kidogo, ndipo akamwonyesha faharasa.

Sharti lake la kuandika ni moja: soma aya, funga kitabu, andika. Ukishindwa, fungua usome tena. Mvulana alifungua na kufunga, akifuta kwa kidole chenye mate, mpaka akapata sentensi yake mwenyewe: mkia mpya una gegedu, hauna pingili za mifupa kama wa kwanza. Gegedu ni nini? "Shika sikio lako. Likunje." Darasa zima likakunja masikio.

Swali lile la ubaoni lina faida kwenye simu pia. Tangu 1998 intanetini kuna tovuti ya mzaha kuhusu pweza anayeishi mitini kaskazini-magharibi mwa Marekani, na walimu wa huko huitumia kuwapima wanafunzi wao. Mtoto wa Tanga, aliyezoea kuona pweza wakichokolewa mwambani maji yakipwa, angecheka. Lakini mbadilishie pweza kwa mnyama asiyemjua, naye ataamini kama wenzake.

Majibu ya Bibi yalikuja: alisimuliwa na mama yake. Mtoto alikuwa tayari kuandika kwamba Bibi ni mwongo. Mwalimu akamzuia, akamrudisha kusoma. Mjusi kafiri hana sumu, lakini kinyesi chake huweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaoharisha watu. Kwa hiyo aliyemwaga ile mboga hakuwa mjinga. Sababu yake tu ndiyo haikuwa sahihi.

Wakati wa kusahihisha nilichungulia daftari la mtoto huyo. Habari ya salmonela ilipata alama mbili. Alama tano zilikwenda kwenye mstari uliotangulia: "Bibi aliambiwa na mama yake. Yeye hajawahi kumwona mtu aliyedhurika."